Machozi ya Bwana Varcourt

Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi, Mama Perrette alivuta mtoto wa meza ndani ya shimo lake, akakuta vumbi tu. Tamthilia mpya haimo! Nakala ilikuwa hiyo moja Paris nzima, na onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi.

Miaka ishirini na miwili mama huyu alikuwa akikaa katika shimo hilo la mbele ya jukwaa, akiwanong'oneza waigizaji maneno waliyosahau. Sasa mkuu wake, Bwana Dampierre, alikuwa amemsimamia kichwani, uso mwekundu.

"Umewauzia wapinzani wetu wa ng'ambo ya mto! Isipopatikana kufikia saa sita, kusanya vyako uende."

"Niende wapi, bwana? Nani atamwajiri mnong'onezi mwenye jina la mwizi?" Ulimi wake haukuwahi kumwogopa mtu. "Jana baada ya mazoezi walibaki watu wawili. Niitie."

Wa kwanza alikuwa Bi Sidonie, mwigizaji kijana aliyenyimwa sehemu kubwa katika tamthilia hiyo.

"Uliondoka saa ngapi, mwanangu?"

"Saa kumi na mbili. Hapana, saa moja! Nilikuwa natafuta kiatu... au hiyo ilikuwa juzi?" Akaanza kulia, kwikwi na kamasi kwa pamoja.

"Huyo huyo!" Dampierre akadakia. "Hata uongo unampiga chenga."

Akaja Bwana Varcourt, kipenzi cha watazamaji, amefunga vifungo vya koti hadi kidevuni.

"Saa kumi na mbili niliondoka," akasema. "Saa moja nilikuwa kwa mama yangu mgonjwa, nikamlisha supu kwa mkono huu huu." Kwenye "supu" chozi moja likateremka shavu la kushoto. Kwenye "mkono" akajipiga kifua, puu, na koti likatoa mchakacho. Dampierre akafuta macho yake.

"Hebu rudia, bwana," akasema Mama Perrette.

Akarudia. Maneno yale yale, chozi pale pale, ngumi pale pale.

Mjini palikuwa na mwanafalsafa aliyewakera sana waigizaji. Alisema mwigizaji hodari halii kwa moyo, hulia kwa kichwa, ndiyo maana chozi lake la leo ni sawa na la jana. Alisema pia wacheze kana kwamba kuna ukuta kati yao na watazamaji, na kwamba mwili ulionyamaza unaweza kusema kuliko mdomo. Tamthilia iliyopotea ilifuata mafundisho hayo: Varcourt alipewa kurasa sita bila neno hata moja, tena amewapa watu mgongo.

"Mara ya mwisho, bwana, tafadhali," akasema mama, akateremka shimoni.

Varcourt akaanza tena. Alipomaliza supu na mkono akanyamaza kidogo, kwa madaha. Kutoka shimoni ikatoka sauti ndogo: "Kisha nikarudi kwa mlango wa nyuma..."

"Kisha nikarudi kwa mlango wa nyuma," Varcourt akanguruma kwa sauti yake tamu, "nikaingia shimoni, nika—"

Akaufumba mdomo. Sidonie akaangua kicheko katikati ya kwikwi.

"Tangu nikujue hujawahi kulikataa neno langu," akasema Mama Perrette. "Sasa fungua koti. Kifua cha mtu hakichakachi."

Karatasi zikatoka, zimejikunja na zina joto.

"Kwa nini, Varcourt?" Dampierre akauliza.

"Sauti ndiyo mali yangu! Nikinyamaza kurasa sita, watajua sina kingine. Nilitaka kuichoma usiku, nikaanza kuisoma. Nimeisoma mara tatu. Nzuri mno, laana yake!" Hapo akalia kwelikweli, mdomo umepinda, pua inavuja, sauti kama ya mbuzi.

"Hayo!" Dampierre akaruka. "Machozi hayo hayo ndiyo ninayoyataka Jumamosi! Na Mama Perrette, kuhusu lile la kuondoka..."

"Nani aondoke na kazi yote hii?" Mama alikwisha kunyoosha ukurasa wa kwanza gotini. "Na hayo machozi achana nayo, bwana. Hayo ya kweli, kesho hatajua ayatoe wapi. Varcourt, jipanguse! Jumamosi tuletee yale ya uongo."