Barabara Iliyonyooshwa

Kila asubuhi Angélique na rafiki yake Claudine walivuka barabara kubwa ya pembeni mwa mtaa wao wa Kamalondo kwenda kuteka maji kabla ya shule. Siku hizo mji wa Lubumbashi ungali ukiitwa Elisabethville, na Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Pale walipovukia palikuwa na kichuguu kirefu kuliko nyumba, nayo barabara ilikizunguka kwa kona kali. Kila gari lililofika hapo lilitambaa. Madereva waliwapungia wasichana mkono, nao wakaitikia.

Kisha vita ikaja, ikatakiwa njia ya malori ya askari. Mashine zikasawazisha kichuguu, miti ya mijakaranda ya kando ya njia ikakatwa, kona ikaondolewa. Barabara ikawa pana, imenyooka kama uzi. Watu wakasema hayo ndiyo maendeleo. Tangu siku hiyo magari yalipita kama upepo, na wasichana wakazoea kuvuka mbio huku maji yakiwamwagikia mabegani.

Symphorien, babake Angélique, aliendesha lori la unga. Jumamosi moja alikwenda na binti yake hadi mji wa Kipushi. Wakati wa kurudi jua lilikuwa limeinama, naye aliogopa askari wangefunga njia kabla hajafika ghalani.

"Baba, gari letu liko na nguvu," Angélique alisema akicheka.

Symphorien akatabasamu, akakanyaga mafuta zaidi.

Mbele yao, Claudine alikuwa kando ya barabara na ndoo kichwani. Alisimama, akatazama, akaanza kuvuka. Huenda alidhani lori lingali mbali. Symphorien alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Lori likalia, likateleza, lakini halikusimama upesi. Liliposimama, Claudine alikuwa nyuma yao, amelala barabarani. Hakuamka tena.

Kwenye kilio, Mama Adolphine, mamake Claudine, alikaa mkekani akirudia neno moja. "Ni mimi nilimutuma maji. Ni mimi."

Symphorien alikuja na kofia mkononi. "Mutoto aliruka mbele ya gari," aliwaambia wazee. "Sikuweza kufanya kitu."

Wazee wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mwanamke mmoja akanong'ona kwamba watoto wa leo hawasikii wakikanywa.

Angélique alisikia yote. Alimpenda babake, na alijua polisi walikuwa bado hawajamhoji vizuri. Lakini kila alipomtazama Mama Adolphine, alimsikia akirudia neno lilelile. Mwishowe aliinuka, akapiga magoti mbele ya mkeka.

"Mama, si wewe. Claudine hakuruka. Alisimama, akaangalia. Gari letu lilikuwa mbio sana, na mimi nilikuwa nacheka."

Symphorien alimtazama binti yake, kisha akaketi chini palepale, kwenye vumbi.

"Mutoto anasema kweli," alisema.

Alikwenda polisi kwa miguu yake mwenyewe. Akanyang'anywa leseni, akafungwa. Nyumbani chakula kikawa haba, na Angélique akawa analilia watu wawili: rafiki aliyekufa na baba aliyefungwa.

Hata hivyo magari yaliendelea kukimbia. Mwalimu Liévin, aliyewafundisha wasichana wale, akawakusanya wazazi wakaenda kwa wakubwa wa mtaa.

"Kumufunga Symphorien ni haki," aliwaambia, "lakini kesho atapita dereva mwingine. Njia pana na iliyonyooka inamwambia dereva akimbie. Na gari likiongeza mwendo mara mbili, linahitaji karibu mara nne ya nafasi ili breki ilisimamishe."

Walizungushwa wiki nyingi kabla ya kupata ruhusa. Ndipo wakabeba udongo, wakajenga matuta mawili, na kupanga mawe makubwa pande zote mbili ili njia iwe nyembamba pale watoto wanapovuka. Lori la kwanza lilikuja likinguruma, likaona mawe, likapunguza mwendo. Hakuna aliyeshangilia. Mama Adolphine alijifunika uso kwa kitenge.

Angélique akamsogelea. "Mama, kama Claudine angengoja kidogo tu?"

Mama Adolphine akamshika mkono.

"Pengine alikosea kupima, mutoto wangu. Mutoto anakosea, ndiyo utoto. Ni kwa sababu hiyo dereva anapaswa kwenda polepole, na wenye kutengeneza barabara wanapaswa kumulazimisha, ili mutoto akikosea tumugombeze tu, tusimuzike. Baba yako nimemuombea, ingawa moyo wangu bado ni muzito. Na wewe, bila maneno yako tungekuwa bado tunalaumu marehemu, na barabara ingekuwa bado inaua."