Uzi wa Nailoni Kifuani pa Kozi

Nina umri wa miaka sabini na mbili. Sikuingia darasani hata siku moja, na jina langu nalitia kwa kidole gumba. Ninaishi hapa Guangzhou kwa binti yangu, anayesafirisha bidhaa kwenda Unguja, katika nyumba ya ghorofa ya nane nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Haya nayasema kwa mdomo wangu, na mjukuu wangu Rukia ndiye anayeyaandika. Nimemwamuru asilainishe neno hata moja... hata pale ninapojiaibisha.

Wasomaji wangu, nimeshiriki kumuua ndege asiyekuwa wangu, na kwa sababu hiyo nimempoteza ndugu yangu wa pekee!

Ujana wangu wote niliumalizia Ghuba, huko Uarabuni, nikiwatumikia matajiri wanaofuga kozi, wale ndege wa mawindo wenye mbawa nyembamba na macho yasiyokosa. Nilianza kwa kufagia kinyesi chao. Nikaishia kuwa fundi wa kuwafunga vifaa vya kufuatilia, ambavyo wafanyabiashara wetu huviita treka.

Kozi akirushwa jangwani huweza kupotea machoni kwa muda wa kupepesa. Treka, isiyozidi kokwa ya tende, hukaa mgongoni mwake na kutuma habari za alipo hadi kwenye simu ya mwenyewe. Kuifunga si mchezo. Ikiwa nzito, humchosha. Mkanda ukilegea, humchubua. Ukibana, hapandi juu.

Mikanda yake hupita mabegani ikakutana kifuani, na pale kifuani ndipo penye uhai wa ndege. Pale hushonwa kwa uzi dhaifu wa pamba, kwa makusudi kabisa. Kozi akinaswa mtini au kwenye waya, hupapatika mara tatu au nne, uzi ukakatika, treka ikaanguka, naye akaenda zake. Mwenyewe atapoteza kifaa. Ndege atakuwa hai.

Kazi hii nilimfundisha mdogo wangu, Hemedi. Wazazi wetu walituacha yeye akiwa mdogo mno hata kuwakumbuka, nami nikamlea kama mwanangu. Nilipozeeka na kuja kukaa kwa binti yangu, Hemedi alishika nafasi yangu kule Ghuba. Huko alimlea kozi jike wa tajiri wake, aitwaye Najma, tangu akiwa na manyoya ya utoto. Kila alipopiga simu alianza na habari za Najma kabla ya habari za wanawe!

Hapa Guangzhou nilikutana na Shaabani, mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Aliposikia ninajua kazi ya kozi, akaja na wazo: yeye atatafuta treka kwa mafundi wa hapa, nami nitasimamia ushonaji wa mikanda. Magoti yangu yalipokuwa mabaya, Shaabani ndiye aliyenibeba mgongoni ghorofa nane hadi kwenye teksi. Ijumaa tulikwenda msikitini pamoja. Ningemshuku vipi mtu wa namna hiyo?

Mikanda ilishonwa katika kijiji cha Kangle kilicho ndani ya jiji, kwenye karakana moja ya magauni, kwa mama mmoja wa Kichina tuliyemwita laobanniang, yaani mama mwenye mali. Siku ya kwanza hakuna aliyenielewa nataka nini. Basi laobanniang akaleta bata, nami nikamvisha mkanda mbele ya cherehani zote! Wasichana wale walicheka hadi wakashika mbavu. Sikucheka. Bata hana kifua cha kozi, lakini kwa bata yule waliona mahali mkanda unapozuia ubawa, na tangu siku ile walishona vizuri.

Nilikuwa na desturi yangu. Katika kila fungu nilichomoa mkanda mmoja, nikauvuta kwa mikono hii miwili. Ukikatika kifuani, fungu limepita. Usipokatika, fungu zima linafumuliwa. Sikuhitaji karatasi wala mizani.

Baada ya muda Shaabani akaanza kunung'unika. Siku moja aliniambia, "Mzee wangu, wateja wananicheka! Wanasema tunawauzia treka za kudondoka kama embe bivu."

Nikamjibu, "Kinachodondoka ni plastiki. Ukitaka kitu kisichodondoka, kawauzie mawe."

Akacheka sana. "Haya mzee, umeshinda. Yamekwisha hayo."

Yamekwisha! Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza...

Magoti yakazidi, nikashindwa kwenda Kangle. Shaabani akajitolea kunitumikia. Aliniletea nyumbani mkanda mmoja wa kujaribu, na fungu lililobaki likiwa ndani ya mfuko uliokwisha fungwa. Niliuvuta ule mkanda, ukakatika vizuri kabisa. Sikujua kwamba ulikuwa umetoka katika fungu la zamani.

Rukia, ambaye anasoma hapa na anakijua Kichina, aliibandua karatasi iliyokuwa kwenye mfuko.

"Babu," akasema, "hapa wameandika uzi wa nailoni."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna, babu. Lakini ndivyo ilivyoandikwa."

"Karatasi haijapata kumshika kozi. Mimi nimemshika miaka thelathini!"

Shaabani alikuwa ameketi papo hapo, kikombe cha chai mkononi. Hata hakushtuka. "Hiyo itakuwa karatasi ya mzigo mwingine, bibie. Meiwenti!" Maana yake, hakuna tatizo. Kisha akaongeza, "Msomi wetu huyu, mzee, kesho atakufundisha na kutawadha!"

Tukacheka. Nilimcheka mjukuu wangu mbele ya mgeni, naye akainamisha kichwa, akairudisha karatasi mahali pake.

Ingenigharimu nini kuufungua mfuko ule? Fundo moja tu! Lakini niliona kuufungua ni kukiri kwamba mtoto wa juzi anaona nisichokiona. Mkanda mmoja wa fungu lile ulikwenda kwa Hemedi, kwa ajili ya Najma. Naye hakuujaribu. Aliniambia alipoupokea kwamba hakuona haja, kwa kuwa ulitoka mkononi mwangu.

Haukupita mwezi, Hemedi akapiga simu asubuhi. Najma alirushwa jana yake kufuata chambo, upepo ukamchukua. Treka ilionyesha amesimama mahali pamoja, mbali, nyuma ya vilima vya mchanga. Akauliza, "Kaka, niende nikamchukue?"

Rukia alikuwa na ramani ya treka hiyo kwenye simu yake, aliyotumiwa na Hemedi. Aliniwekea mbele yangu, nikaiona ile nukta nyekundu. Haikuwa ikisogea.

Nikamwambia Hemedi maneno ambayo nimeyasema maisha yangu yote: kozi akishakula peke yake hukaa, na ukimwendea ameshiba, hajali chambo, atakukimbia ukampoteza moja kwa moja. Mwache njaa imrudishe. "Ngoja," nikasema. "Ngoja mpaka kesho."

Kaka amesema, mdogo akatii.

Kesho yake asubuhi nukta ilikuwa palepale. Rukia alikiacha chakula chake, akaja kusimama mbele yangu.

"Babu, hajasogea hata hatua moja. Hata aliyeshiba hugeuka. Nakuomba, mwambie babu Hemedi aende."

"Wewe umeona kozi wangapi?"

Machozi yalimlengalenga. Nikamwambia Hemedi angoje hadi alasiri.

Hemedi hakungoja hadi alasiri. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinivunjia amri, akawasha gari akaenda. Laiti angenivunjia siku moja mapema!

Alimkuta Najma akining'inia kichwa chini katika mti wa miiba. Mkanda ulikuwa umenasa kwenye tawi. Alikuwa amepigana hata manyoya ya ubawa mmoja yakaisha, na chini ya mti palikuwa na manyoya mengi kama ya kuku aliyechinjwa. Ule uzi wa kifuani haukukatika. Nailoni haikatiki kwa nguvu za ndege... Treka nayo ilikuwa nzima, inafanya kazi yake, inatuma habari za alipo!

Sauti ya Hemedi kwenye simu ilikuwa ya chini sana. "Uzi nimeukata kwa kisu, kaka." Kisha akasema, "Alikuwa angali na joto."

Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kutoka kwa ndugu yangu.

Alifukuzwa kazi baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi, akarudishwa kwetu Pemba na sanduku moja. Najua anasikiliza ujumbe wa sauti ninaomtumia, kwa kuwa Rukia huniambia umesikilizwa. Hajibu.

Shaabani nilimkabili mchana, katika mkahawa wa Huanshi Zhonglu, watu wamejaa. Sikupaza sauti. Nilimuuliza kwa nini. Akakoroga chai yake, akasema, "Mzee wangu, ndege mmoja tu! Wateja wengine wote sasa wanashukuru, treka hazidondoki."

Nikamuuliza ni kozi wangapi wengine wamevaa nailoni. Aliendelea kukoroga, na sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

Niliondoka nikamwachia chai yake. Nikamwomba Rukia anishike mkono, tukashuka ngazi za metro, treni ya chini ya ardhi, tukaenda Kangle. Laobanniang aliposikia alijifunika uso. Kwa tafsiri ya Rukia, alisema Shaabani alimwambia kwamba amri ya kubadili uzi imetoka kwangu, mzee mwenye bata, na ndiyo sababu hakuuliza. Jina langu ndilo lililotumika kuua!

Rukia amewaandikia wateja wote aliowapata, akiwasihi waifumue mikanda ile. Wengine wamejibu. Wengine wamekaa kimya, na kila siku ninajiuliza ni kozi gani leo anaruka na kamba isiyokatika kifuani.

Wasomaji, nilimlaumu Shaabani miezi mingi, na lawama yake anayo. Alimsaliti mzee aliyemwamini. Lakini Shaabani hakuwepo nilipooneshwa ile nukta. Mtu wa kuniambia ukweli nilikuwa naye nyumbani, mara ya kwanza na karatasi, mara ya pili na simu, mara ya tatu kwa machozi. Kila mara niliutazama umri wake badala ya kuutazama ukweli wake.

Ninyi wazee wenzangu mliojifunza kwa mikono, nawasihi: mtoto akisema ameona jambo, fungueni mfuko! Litazameni. Akiwa amekosea, mtakuwa mmepoteza muda wa kufungua fundo na kulifunga. Nanyi vijana mnaonyamazishwa, msiirudishe karatasi mahali pake. Rukia ananiambia hilo ndilo linalomuuma yeye. Mwambieni babu mara ya nne, hata akikufukuzeni mezani.

Na wewe, Hemedi, ikiwa yupo aliyekusomea haya huko Pemba, nataka watu wote wajue ulitaka kwenda siku ile ya kwanza. Uliomba ruhusa. Aliyesema ngoja ni mimi.