Zamu ya Maji Juu ya Makanya

Kibanda cha intaneti pale stendi ya Same kilijaa hadi mlangoni. Mahindi yalikuwa yakinyauka, na wafadhili, kwa akili zao, walikuwa wamemstaafisha mzee wa ndiva, lile bwawa la kumwagilia kwa zamu, wakaziweka zamu kwenye kompyuta. Nakijwa, fundi cherehani, kitenge cha manjano kimenyooka kwa pasi ya mkaa, alikuwa amekuja kumtazamia mama yake siku ya maji. Alingoja ukurasa ufunguke hadi kiuno kikamuuma.

"Pole, mrembo. Watu wengi wanaiuliza daftari moja ya zamu humo kwenye kompyuta," akasema kijana aliyevaa tai. Tai, kwenye jua la Same! Huyo ndiye Hezroni, aliyeutengeneza mtandao wenyewe.

"Na wewe msomi umeshindwa kuinakili?"

Akaenda, akainakili. Sasa mtu wa kwanza akiuliza, mashine ilipekua daftari na kutunza ukurasa. Waliofuata walipewa nakala papo hapo. Alimweleza hayo jioni tatu mfululizo, wakila mishkaki, na Nakijwa akampenda, ingawa tai aliendelea kuicheka.

Kisha zamu zikabadilishwa. Mama akahamishiwa Jumanne, ukurasa ukang'ang'ania Ijumaa. Jumanne maji yakapita bila mwenyewe. Ijumaa mama akakuta mfereji ni wa kina Rabia, karani wa mradi, ambaye Hezroni alionekana akinywa naye soda. Nakijwa hakutaka ushahidi mwingine. Simu tisa hakupokea. Ya kumi akapokea.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Mpenzi wako ni Rabia. Umempa maji ya mama yangu."

Hezroni akafungua daftari: Jumanne. Akafungua ukurasa: Ijumaa. Mashine ilikuwa ikigawa nakala ya wiki tatu zilizopita, kwa kuwa hakuiagiza itupe ya zamani zamu zikibadilika. Akairekebisha, kisha akapanda hadi shambani kwa mama, juu ya Makanya, na viatu vyake vya kung'aa. Nakijwa na mama yake walikuwa huko, wakigeuza mahindi makavu kuwa lishe ya mbuzi.

"Shikamoo mama. Kosa ni langu, si la Rabia."

"Marahaba. Mzee wa ndiva akibadilisha zamu alipita kila nyumba kufuta ya jana. Wewe hayo umesomea miaka mingapi?"

"Minne, mama."

"Pole."

Nakijwa akacheka bila kutaka. Hezroni akaona upenyo, akasema kwa sauti ndogo kwamba angetaka kuwaleta wazee wake, Jumapili.

"Waje Jumanne," Nakijwa akasema, "na majembe."