Tezi za Mstari wa Pili

Mzee Tokuji Sugawara alikula peke yake, kama kila asubuhi tangu mkewe afariki. Wali, supu ya miso ya soya, figili zilizokaushwa kwa moshi. Redio ilisema, naye akaijibu. Hakuwa na mwingine wa kumjibu.

Siku hiyo wali ulimshinda. Mezani palikuwa na karatasi ya hospitali: saratani ya mfuko wa chakula, upasuaji Jumanne ijayo, aje na mtu wa familia.

Jirani yake, Bi Chiyono, aliingia na kabichi. Alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini ya uuguzi katika chumba cha upasuaji.

"Shemeji, uso gani huo? Umefiwa na redio?"

Tokuji alimsogezea karatasi. Chiyono alisoma, akaketi.

"Binti yako anajua?"

"Misato yuko Nagoya, ana kazi zake. Sitaki kumsumbua. Nimemwambia daktari kwamba anakuja."

"Umedanganya!"

"Tena nitamwomba daktari akate kidogo tu. Eti anataka kuondoa na tezi za pembeni. Tezi zina kosa gani? Akikata kidogo nitapona upesi. Nikichelewa kupona, nani atanipikia uji?"

Chiyono hakucheka.

"Mfereji wa shamba lako una nyavu ngapi?"

"Mbili. Mmoja karibu na shamba, mwingine kule chini."

"Mbegu za magugu zinanasa wapi?"

"Wavu wa kwanza. Nyingine zinapenya, zinanasa kwenye wa pili."

"Ukisafisha wa kwanza tu?"

"Za wa pili zinabaki, zinaota tena."

"Basi, tezi ndizo nyavu za mwili," alisema Chiyono. "Mstari wa kwanza umeshikamana na mfuko wa chakula. Wa pili uko kwenye mishipa inayouletea damu. Saratani changa sana huhitaji kukatwa kidogo. Yako imezama ndani, hapa wameandika. Lazima mistari yote miwili itoke."

"Basi wang'oe na za mbali, tumalizane!"

"Hapana. Kuzitoa hizo kulishajaribiwa. Wagonjwa hawakuishi zaidi, walipoteza damu zaidi tu. Kipimo ni ugonjwa wako, shemeji, si upweke wako."

Maneno hayo yalimchoma Tokuji, maana yalikuwa kweli.

"Na wakimaliza," Chiyono aliendelea, "daktari hutoka na sinia, amwonyeshe mtu wako alichokitoa. Aite jina lako, asiitikiwe?"

Tokuji alishika simu, akairudisha. Mara ya pili akapiga, akaeleza yote.

"Baba," Misato alisema huku analia, "ulitaka niambiwe na nani? Watu wa mazishi?"

Jumanne Misato alikuwapo. Sinia lilipotoka, alisimama akatazama, ameshikwa mkono na Chiyono.

Baada ya wiki mbili daktari aliwasomea majibu. Tezi thelathini na nane zilitolewa. Mbili zilikuwa na saratani. Moja ilikuwa ya mstari wa kwanza, nyingine ya mstari wa pili. Zote zimetoka. Tokuji atameza dawa kwa mwaka mmoja, atakula kidogo kidogo mara sita kwa siku, na kurudi kupimwa.

"Umefanya vizuri kukubali," alisema daktari.

Tokuji aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka, wala hakuona haya.

"Wangekata kidogo, hiyo ya mstari wa pili," alimwambia binti yake, "ningerudi nayo nyumbani. Tungekaa wawili tu, mimi nayo, na nisingejua kwamba ipo."