Mtungi wa Mwisho wa Leonida

"Usipige risasi! Narudia, usipige. Tunataka mzigo ukiwa hai."

Sauti ya mkuu wake, Ekisa, ilikatika kwenye redio ya Motorola. Askari Amuge alirudisha bastola yake ya Glock kiunoni na kuiongezea pikipiki yake ya Boxer moto.

Mbele yake, Probox nyeupe ilipenya kati ya matrela ya Malaba, mpakani mwa Uganda.

Dereva alikuwa Collins, wakala wa kampuni ya kigeni. Asubuhi hiyo alivamia banda la mkulima Leonida kule Khunyangu, ambako sukuma na spinachi humea majini bila udongo. Matangi yote aliyatia klorini. Bakteria waliokinga mizizi isioze wakafa.

Walibaki wale tu aliowaiba. Mtungi mmoja.

Ukivuka mpaka, Leonida hana mbegu tena. Atawanunua bakteria wake mwenyewe kwa mwizi wake.

Probox ilisimama sokoni. Amuge alipoifikia, ilikuwa tupu.

Collins alikuwa ameketi kwa Mama Akiror, muuza ajon, pombe ya wimbi, mrija mdomoni. Kando yake mitungi ya manjano, yote sura moja, ilikuwa ikipakiwa kwenye lori la kwenda Tororo, ng'ambo ya mpaka.

"Karibu, dada," alimcheka. "Siku hizi serikali inalinda mboga?"

Amuge aliitazama mitungi.

Alizaliwa Angurai, kwa wapika ajon. Pombe inayochachuka haibanwi. Kila mtungi ulizibwa kwa jani la mgomba, upumue.

Kila mtungi, isipokuwa mmoja. Huo ulikazwa kifuniko, ukazungushiwa utepe wa nailoni. Mbavu zake zilikuwa zimevimba.

"Mama, huu ni wako?"

"Wangu?" Akiror aling'aka. "Nani huyo anabana ajon hivyo? Anataka inilipukie?"

Kicheko cha Collins kilikufa. Kisu kikachomoka.

"Basi tukose sote!"

Aliurukia mtungi. Amuge alinyakua birika la maji moto ya kuongezea ajon, akalimwaga lote mkononi mwa Collins.

Mayowe. Kisu kikaanguka. Pingu zikalia.

Amuge alilegeza kifuniko taratibu.

Pssss. Harufu kali ya molasi iliyochachuka, chakula cha bakteria.

"Mkuu, wako hai," alisema redioni.

"Na Collins?"

"Naye pia. Bahati mbaya."

"Nitakutafuta, mwanamke wewe!" Collins alifoka.

"Nitafute Khunyangu. Uje na ndoo ya kuosha matangi."

Askari wa mpakani walipomchukua Collins, Amuge aliufunga mtungi nyuma ya Boxer, kifuniko kikiwa kimelegea, akaondoka polepole kumrudishia Leonida.