Midomo Tu, Mikono Hapana

Jumamosi, siku ya posho, soko la Manika halina hata pa kutia mguu. Siku hiyo ya kiangazi vumbi jekundu lilikuwa limewapaka watu wote rangi moja, wauza samaki na mabosi wa migodi, na hakuna aliyelalamika kwa sababu wote walikuwa wamezoea. Fidélie alikuwa ametoka kununua uzi na zipu. Alivaa kikwembe cha njano chenye ndege wa bluu, alichokishona mwenyewe na kukibana kiunoni kwa makusudi, na wanaume walipogeuka kumtazama alijua kabisa kwamba wanageuka. Kusikia alikuwa hasikii. Homa ilimlaza akiwa na miaka kumi na mitatu, na ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Lakini macho yake, mama wee, yalikuwa yakifanya kazi ya watu wanne.

Ndiyo maana aliona kitu ambacho wenye masikio yao hawakukiona. Mwendesha pikipiki mmoja, moto kama wanavyosema kule, alikuwa amebana honi, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka. Njia nzima iligeuka na kumpisha, ila kijana mmoja mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, aliyebaki amesimama katikati akijaribu miwani ya jua kama vile yuko peke yake duniani. Fidélie hakufikiri. Alimrukia, akamshika shati, akamvuta. Moto ikapita, na kifungo cha shati kikaruka nayo.

“We tata! Unataka kufa na shati mupya?”

“Sikumuona, mama.”

“Nani anaonaka na mugongo? Honi inalia tangu kule kwa bauza samaki. Haukuisikia.”

Kijana akaangaza kushoto na kulia kama mwizi. “Punguza sauti! Nani anakuambia mi sisikie?”

“Mi niko kiziwi. Kiziwi anajua mwenzake.”

Alipaswa kukasirika, lakini alicheka, na nitakuambia kwa nini. Fidélie, kwa kuwa hasikii sauti yake mwenyewe, husema kwa nguvu, na kijana yule alikuwa na miezi mingi hajamsikia mtu bila kukaza shingo. Sasa mwanamke mzuri namna hii anasimama mbele yake na kila neno linamfikia zima! Moyo ulimruka.

“Basi kifungo changu njo kimeenda,” alisema.

“Kuya, ntakushonea. Mashine yangu iko pale.”

Alimshonea hapo hapo, shati likiwa mwilini.

“Usipumue sana, ntakutoboa.”

“Nipumue namna gani, na muzuri sawa weye eko karibu hivi?”

“Endelea. Nasoma midomo, ujue. Hata uongo ninausoma.”

“Na hii, ni uongo?”

Fidélie alikata uzi kwa meno, akamtazama usoni. “Bado sijajua,” alisema, lakini alikuwa amekwisha kucheka.

Jina lake lilikuwa Stany, naye alikuwa akiendesha mashine ya kutoboa miamba katika mgodi mmoja upande wa Mutoshi. Mashine ile ilikuwa imemla masikio kidogo kidogo, kwanza ndege wa asubuhi, kisha sauti za wanawake, kisha simu. Hakumwambia mtu. Kila mwaka kampuni hupima masikio, na anayeshindwa huambiwa aksanti na kuonyeshwa mlango. Mwaka uliopita alikwepa kipimo kwa kujifanya mgonjwa wa tumbo. Na kapita, yaani msimamizi wa timu yake, aliyemtafutia kazi, alikuwa tata Mukalay, mjomba wake mwenyewe, mtu anayejivunia kwamba katika ukoo wao hakuna kilema.

Fidélie alimwambia aje kwenye kundi. Kila Jumamosi mchana, katika salle, ukumbi wa parokia, walikutana watu wasiosikia. Walikuwako wachimbaji wazee walioharibiwa na baruti, akina mama wenye watoto viziwi, vijana walioacha shule kwa sababu mwalimu alisema akiwapa mgongo. Mama Adolphine, mwalimu aliyestaafu, aliwafundisha mikono na midomo pamoja, yaani lugha ya ishara na kusoma midomo, na wao kwa wao walifundishana mambo ya kuishi: jinsi ya kumwambia daktari aandike, jinsi ya kupanga kiti kanisani, jinsi ya kulea mtoto mchanga ukiwa husikii. Palikuwa na kelele nyingi za kucheka pale ambazo wengi wao hawakuzisikia.

“Mule mi siingie,” Stany alisema. “Batu ba kampuni banasali pale. Nifundishe weye, chérie. Midomo tu. Mikono hapana.”

“Mikono imekufanyia nini?”

“Mikono inaonekana.”

Fidélie alimpelekea mama Adolphine neno hilo. Mama yule alitikisa kichwa na kumjibu kwa vidole vyake vinene: midomo bila mikono ni kumpa mtu shuka la kujifunika, na mficha maradhi, kifo humuumbua. Alisema vizuri. Lakini nani anamsikiliza mwalimu wakati moyo umekwisha kuamua? Fidélie alimfundisha midomo tu.

Walikaa mbele ya kioo cha kujaribia nguo, bega kwa bega. Alimwonyesha jinsi ya kutazama shavu, si mdomo peke yake, na jinsi ya kuongoza mazungumzo ili ajue kinachokuja. Stany alikuwa mwepesi ajabu. Jioni walipigiana video, kwa kuwa simu ya sauti haikuwa na maana kwao, na umeme ukikatika kila mmoja alijimulika uso kwa tochi ili mwenzake asome.

“Umekula, bébé?”

“Bukari na bitoyo. Na weye?”

“Mi nakula sura yako.”

“Ee, utakufa na njaa!”

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mtaa mzima ulijua. Kilichofichika ni kile kingine.

Siku moja simu ya Fidélie ilitikisika mezani. Stany alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti. Sauti, kwa kiziwi! Akadhani amekosea, lakini ukaja wa pili, ukaja wa tatu. Ilibidi ampe dada yake mdogo, Falonne, asikilize. Falonne akaweka simu sikioni, akaona haya, akasema polepole ili asomeke: “Anasema anakupenda, wewe ni asali yake. Nyuma kuna wanaume wanacheka na kupiga makofi.”

Fidélie alielewa mara moja. Stany alikuwa ndani ya basi la kazi na wenzake, na mbele ya wenzake mwanaume mzima hubembeleza kwa sauti. Yale maneno hayakuwa yake. Yalikuwa ya basi. Hakujibu video zake siku nyingi, hata Stany alipokuja na kusimama mbele ya mashine yake katikati ya soko.

“Fidé, nisamehe. Balikuwa banasema juu ya nini mi sipigake demu wangu simu sawa bengine.”

“Na weye ukanifanya mi mutu mwenye kusikia. Ulionea haya nani, Stany? Mi ao weye?”

Stany alishika ncha ya kikwembe ambacho Fidélie alikuwa akikishona, akainamisha kichwa. “Ntakuya na jamaa yangu kwenu,” alisema mwishowe. “Mbele ya tata yako ntasema yote. Sitajificha tena.”

“Yote?”

“Yote, mupenzi.”

Akamsamehe. Wewe ungefanya nini? Alimpenda, na alikuwa ameahidiwa kile alichokitaka kuliko pete, yaani mwanaume anayesimama mchana kweupe na kusema, mimi pia niko hivi.

Wakaja Jumapili baada ya misa. Tata Antoine, baba yake Fidélie, alikuwa amepaka ukuta chokaa. Fidélie alivaa satini ya zambarau, nywele zimesukwa hadi mgongoni. Jamaa ya Stany waliweka kasha la bia na la sucré, yaani soda, katikati ya mkeka, kama desturi inavyotaka, na hakuna aliyegusa chupa, kwani kinywaji hicho hakinywewi mpaka binti aulizwe na akubali.

Mazungumzo yalikwenda vizuri, na vicheko vilikuwapo. Kisha tata Mukalay akakohoa.

“Tata Antoine, mutoto wenu ni muzuri, na kazi anajua. Lakini mi niko mutu wa kusema kweli. Usiku mutoto akilia, nani atasikia?”

Fidélie aliyasoma maneno yale bila taabu, na hayakumuuma. Alikuwa amekwisha kuyajibu mara nyingi maishani. Alimgeukia Stany. Akamwona anavyosoma mdomo wa mjomba wake, macho kwenye shavu, taratibu, bila kukosea, kama alivyomfundisha. Sasa, alimwambia kwa macho. Sema sasa.

Stany akatabasamu.

“Tata, hiyo isibape mawazo,” alisema. “Mi ntasikia. Mi njo masikio yake.”

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama yake Fidélie alifuta machozi ya furaha, na tata Mukalay akampiga kijana wake begani. Fidélie aliona midomo yote ya chumba kile ikifurahi, na ndani yake kitu kikaanguka.

Tata Antoine akamgeukia. “Fidélie, mwanangu, tukunywe ao tusikunywe?”

Kimya.

“Tukunywe?”

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Baba akauliza mara ya tatu, na hapo hakuna tena pa kukimbilia.

“Tata, barudishie bitu byabo.”

Ilikuwa kama mtu amemwaga maji ya moto. Mama yake alisimama na kukaa tena. Tata Mukalay alitoa macho: “Juu ya nini? Tumekukosea nini?”

Fidélie alimtazama Stany. Uso wake ulikuwa umegeuka majivu, na midomo yake ilikuwa ikisema bila sauti: tafadhali. Neno moja tu lingetosha kumfukuzisha kazi. Kapita alikuwa ameketi pale pale.

“Hakuna sababu,” alisema Fidélie. “Simutake tu.”

Basi mtaa ukapata cha kutafuna. Kiziwi na maringo! Bwana mwenye kazi, mwenye masikio mazuri, amekubali kumbeba, naye anamkataa! Mama yake alimnyamazia, na mama akimnyamazia binti kiziwi, hata uso humfichia. Fidélie alikula matusi hayo yote na hakutoa siri ya mtu.

Stany alipiga video akiwa amejifungia chumbani, macho mekundu.

“Juu ya nini uliniaibisha?”

“Nilikufundisha midomo juu ufikie batu. Weye unaitumia kwa kukimbia batu.”

“Ningesema, kazi ingekwisha ile ile siku! Tungekula nini?”

“Bukari na chumvi. Mi niko na mashine.”

“Ungeolewa na mutu bila kazi?”

“Ningeolewa na Stany! Weye unawaza nakasirikia uongo tu? Fikiri mutoto. Ba kundi balijifunza: kamba toka ku mutoto mpaka ku mukono wa mama, mama mukwe analala karibu, jirani anamulika dirisha na taa. Batu banabasaidia juu balisema. Sisi nani angetusaidia? Kila mutu angelala muzuri, akisema ‘baba yake anasikia’. Na mutoto angelia mpaka asubuhi, Stany, na mi na weye tumelala.”

Stany alifunga macho. Aliyefunga macho na asiyesikia, umekwisha kumpoteza. Fidélie alingoja mpaka akayafungua.

“Kuya siku ya posho,” alimwambia. “Kaa kati yetu. Siku hiyo hiyo mi mwenyewe ntaenda kumuambia tata yangu batu bakunywe.”

Hakuja Jumamosi hiyo, wala ile iliyofuata. Fidélie aliweka kiti kitupu karibu yake, mpaka mama Adolphine, bila kusema kitu, akakiondoa.

Mvua zikaanza. Mwaka huo kampuni ilipima masikio bila kutangaza, basi zima lilishushwa moja kwa moja mbele ya mlango wa daktari, na katika chumba kile cha vipimo hakuna mdomo wa kusoma. Stany alirudishwa nyumbani pamoja na wengine. Inasemekana tata Mukalay alilia, si kwa hasira. Alisema angalau angeambiwa. Kulikuwa na nafasi ya kazi ya ghala, isiyohitaji masikio, na alikuwa amekwisha kuipa mtu mwingine.

Jumamosi moja Stany akaingia salle ya parokia, viatu vimejaa matope. Fidélie alikuwa mbele akiandika ubaoni. Alipogeuka akamwona, aliweka chaki mezani.

“Nimekuya,” alisema Stany.

“Haukukuya. Balikufukuza kule, njo umefika huku.”

“Lakini nimefika, Fidé.”

“Umefika. Karibu.”

“Na sisi?”

Angeweza kumdanganya kwamba hampendi tena. Hakutaka kusema uongo tena. “Nakupenda, na inaniuma kila siku,” alisema, na kwa kuwa hakujua kushusha sauti, wale wachache waliosikia kidogo walitazama chini. “Lakini ile siku nilikuhitaji wakati ulikuwa na kitu cha kupoteza. Leo hauna. Sitajua tena, hata siku moja, kama ulinichagua ao ulikosa pengine pa kwenda. Na mi siwezi kulala na ile swali.”

Mama Adolphine akamwonyesha Stany nafasi katika mstari wa wageni, kati ya mzee wa baruti na mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

Somo la wageni huanza na sentensi moja kwa wote, mimi ni kiziwi: kidole kwako mwenyewe, kisha sikioni, kisha mdomoni. Mzee akaifanya. Stany akajaribu, akakosea, akaishia shavuni. Fidélie alimshika kifundo cha mkono, kama anavyomshika kila mgeni, akakisogeza kidole mpaka pale panapotakiwa. Alingoja airudie peke yake. Alipoirudia vizuri, alimwachia mkono, akaenda kwa mwanamke mwenye mtoto.