Bahari Sebuleni kwa Dastani

Kamba hakuoza. Alitoweka, na Dastani akaona ni ukorofi tu wa kamba.

Maelekezo aliyoyaona kwenye simu yalikuwa wazi. Ukitaka kufuga samaki wa maji chumvi nyumbani, huwatii majini siku hiyo hiyo, watakufa wote. Unajaza tangi maji ya bahari, unapanga mawe na mchanga wa huko huko, kisha unatumbukiza kitu kilichokufa, kipande cha kamba kwa mfano. Kikioza, maji yanaingia sumu, halafu wanazaliwa vijidudu wasioonekana wa kuila ile sumu. Wakishakuwa wengi, maji yamekomaa, na samaki anaweza kuishi. Kazi ya mwenye tangi ni kupima na kusubiri.

Dastani alikuwa fundi wa vioo na aluminiamu pale Nachingwea mjini, mtu wa Tunduru aliyefuata pesa za korosho. Watu wakishauza korosho wanabadilisha madirisha, na madirisha ya nusu ya mji yalikuwa yamepita mikononi mwake. Alipoitwa Mtwara kufunga vioo vya hoteli, akaliona tangi la samaki pale mapokezi, akalizunguka mpaka mlinzi akamtilia shaka. Aliporudi alitoa kioo chake cha akiba, kinene, kisicho na hata mkwaruzo, akakikata na kukigandisha kwa gundi ya silikoni, kikawa tangi lake mwenyewe. Hakuwahi kuipenda kazi yake yoyote kama alivyolipenda tangi lile. Dereva wa pikapu ya samaki akamletea madumu ya maji kutoka Lindi, na kiroba cha mawe na mchanga.

Mkewe, Zulekha, alisimama mlangoni akiwa ameshika tumbo. Ilikuwa mimba yao ya kwanza, na walikuwa wameisubiri sana.

"Dastani, habari zangu nilikwambia kabla hujanioa."

"Uliniambia umekatazwa kwenda baharini. Umekwenda?" Alikuwa anacheka. "Wewe kaa zako kwenye kochi, mama. Bahari imekuja yenyewe."

Habari zenyewe hazikuwa za kuchekwa. Zulekha alipokuwa msichana kwao Nkowe, upande wa Ruangwa, alipandwa na jini wa bahari aliyemtaka awe mke wake. Alikuwa akianguka mchana kweupe, na akizinduka nywele zimelowa chepechepe, hali maji ya nyumba nzima yamo mtungini. Mwalimu Ausi, mtaalamu wa mambo hayo, ndiye aliyempeleka Lindi pamoja na mama yake. Walimvua gauni alilokuwa nalo, wakalitupa majini, wakamwaga humo chupa nzima ya marashi ya waridi, na jini akakubali kushuka. Sharti lilikuwa moja: Zulekha asiyafuate tena maji ya chumvi, naye hatafuatwa. Akaolewa Nachingwea, mbali na pwani, akalala kwa raha miaka yote hiyo.

Dastani akatia kamba wa pili. Kesho yake hakuna hata gamba. Akatia kichwa cha samaki aina ya changu, nacho kikaenda. Kila akipima, maji yanasoma hayana sumu hata chembe, kana kwamba hakikuoza kitu humo. Akahisi kuna kaa kajificha kwenye mawe. Akayatoa mawe moja moja, akayagonga, akayamulika. Hakukuwa na kaa. Badala ya kuogopa, bwana yule akafurahi. "Maji yangu yana nguvu," alimwambia mkewe, na jioni akatia kamba wengine.

Siku moja adhuhuri umeme ukakatika. Zulekha alikuwa amejilaza mkekani pale sebuleni kwa sababu ya joto. Feni ikasimama, friji ikanyamaza, na pampu ya tangi nayo ikazima. Mapovu hayakukoma. Yalitoka chini ya mawe, yakatulia, yakatoka tena, taratibu, na Zulekha akagundua kwamba yanatoka kila yeye anapovuta pumzi. Akaibana pumzi. Mapovu yakasubiri. Ndipo ikamjia harufu, si ya samaki wala ya mwani, harufu ya marashi ya waridi.

Alitoka nje bila viatu. Alipofika chini ya mkorosho wa jirani, mtoto akampiga teke tumboni, teke la kwanza tangu asubuhi, na Zulekha akalia kwa woga na kwa shukrani.

"Mtoto hachezi nikiwa ndani," alimwambia mumewe aliporudi. "Nikitoka anacheza. Litoe lile tangi, nakuomba."

"Mimba inakuchosha tu, Zulekha."

"Na zile alama sakafuni nazo zina mimba?"

Dastani alikuwa ameziona. Chumvi hupanda, alisema. Maji yakirukia ukingoni yakakauka, chumvi inabaki, hata kwenye simu wamesema. Lakini chumvi ile ilikuwa imekaukia kwenye sakafu nyekundu kwa umbo la nyayo, kisigino na vidole, kutoka kwenye tangi mpaka chumbani, zikaishia upande wa kitanda anaolala Zulekha. Na asubuhi hiyo Zulekha alikuwa ameamka nywele zimelowa.

Mama yake alikuja kutoka Nkowe kwa bodaboda, na vifurushi vyake vya njugu na unga. Alifika kizingitini, akanusa, akavitua vifurushi chini.

"Mama, karibu ndani," alisema Dastani kwa heshima.

Bibi yule hakumtazama mkwewe usoni, maana hawakuzoea hivyo. Aliongea na ukuta, kwa sauti ndogo. "Marashi hayo nilinunua mimi. Nilimwaga kwa mkono huu. Mwambie mumeo, Zulekha, mimi humo siingii."

Mwalimu Ausi akapigiwa simu. Alifika kesho yake alasiri, mzee sasa, anashikilia fremu ya mlango ili avuke. Alilitazama tangi muda mrefu.

"Ulikuwa unatia nini humu, kijana?"

"Kamba, Mwalimu. Vichwa vya samaki. Vioze, maji yakomae."

"Ukamlisha." Mzee alinong'ona kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. "Alikuja mdogo, kwenye dumu. Wewe ukamlisha mpaka amekomaa. Sasa anangoja kilicho chake, na safari hii hataki mama peke yake."

Alianza kusoma, na Zulekha, aliyeshikwa mkono na mama yake pale mlangoni, akaona maji yanaondoka upande wa ukutani na kupanda upande wake, polepole, bila wimbi, mpaka uso wote wa maji ukawa umeinama kama beseni linalotaka kumwagwa, na mawe yakawa makavu upande mmoja, na harufu ya waridi ikajaa mpaka kooni, na ndani ya tumbo lake mtoto akajikunja akawa mgumu kama ngumi, asicheze, asigeuke, mpaka Mwalimu alipopiga kelele na mama akamvuta binti yake kwa nguvu zote hadi uani. Nyuma yao maji yakarudi kwa kishindo.

"Zulekha aende Nkowe leo," alisema Mwalimu Ausi, jasho linamtiririka. "Na wewe, kijana, rudisha. Maji, mawe, mchanga, kila kilichoguswa nayo. Kila kitu. Usibakize."

Safari hii Dastani hakucheka. Alikodi pikapu, akamwaga maji palepale yalipochotwa Lindi, akatupa mawe, mchanga, pampu, ndoo na shati alilovaa. Alirudi mikono mitupu, na kweli nyumba ikatulia. Mwezi uliofuata Zulekha akajifungua Nkowe, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Dastani alilia kwenye simu bila aibu.

Arobaini ilipopita, mama na mtoto wakarudi Nachingwea. Dastani alikuwa amepaka rangi chumba kidogo cha mtoto na kutundika pazia jipya.

"Ulirudisha vyote?" aliuliza Zulekha.

"Vyote."

Ilikuwa kiangazi, jua kali, vumbi la barabara limekauka. Zulekha alimlaza mwanawe akaenda kuanua nguo. Aliporudi alivuta pazia aruhusu upepo. Dirisha lilikuwa limetota kwa ndani, matone yanateremka, na chini kwenye fremu kumeota ukungu mweupe. Aliugusa, akaonja kidole: chumvi. Akagonga kioo kwa kucha, na mlio ukatoka mzito, mlio wa kioo kinene.

"Dastani," aliita. "Kioo hiki umekitoa wapi?"

Mumewe alisimama mlangoni.

"Kioo hakinywi maji, Zulekha," alisema, kama anayeomba. "Kilikuwa kizima. Kizuri. Ningekitupaje?"

Kitandani mtoto alikuwa macho, ametulia, anakitazama kioo na kutabasamu. Zulekha alimnyakua akamkumbatia kifuani, akaweka kiganja kichwani pake.

Nywele za mtoto zilikuwa zimelowa chepechepe.